Kindege Kilichoendelea Kwenda

Kwako mdogo wangu, Kapteni wa nyumba yetu,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umelala na umekula, maana najua ukiwa safarini unaifanya chai kuwa chakula. Sisi hapa ni wazima wa mwili. Mama hajambo, presha yake imetulia, ila maneno yamempungua, na unajua mama akinyamaza nyumba nzima hutembea kwa kunyata. Mimi nina hofu, mdogo wangu. Imekataa kuniacha, ndiyo maana nimeshika kalamu. Simu siwezi kuitazama.

Kazi yangu unaijua, ingawa hupenda kunitania kwamba nalipwa kupaka vitufe rangi. Ile programu ya kufuatilia ndege niliyomwekea mama kwenye simu, ramani yake, mistari na kile kindege cha njano, yote ni mkono wangu. Tulipoijaribu, mama ndiye aliyekuwa mtumiaji wangu wa kwanza. Nilimkalisha jikoni, nikamwambia amtafute mwanawe, nikawa namtazama vidole na uso. Kila ulipopita juu ya milima, ambako vipokezi vya ardhini vinavyonasa ishara ya ndege ni vichache, kindege kilisimama tuli, na mama naye akaacha kupumua. Siku moja aliangusha sufuria. Nikarudi ofisini nikachora upya: ishara ikikatika, kindege kiendelee na njia yake kwa kukisia tu, taratibu, mpaka ishara irudi. Mkuu wetu alinisifu mbele ya kitengo kizima. Tangu hapo mama akawa anakusindikiza huku akikatakata vitunguu, mara akikwambia upunguze mwendo, kama vile umepanda baiskeli.

Sasa sikia ya majuzi, ile safari yako ya dhoruba. Nilikuwa mezani kwangu, na mwenzangu anayeshughulikia takwimu, yule tunayemwita Miwani, akaja akasimama nyuma yangu bila utani wowote. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama rubani wa ile ndege ya mizigo ndiye ndugu yangu. Akanionyesha kwenye kompyuta yake kwamba ishara yako ya mwisho ilitoka kabla ya milima, na baada yake hakuna kitu. Nikatazama simu yangu: kindege chako kilikuwa kinateleza vizuri, kimeivuka milima yote, kinakaribia uwanja.

Mama akapiga hapo hapo. Alikuwa anacheka. Alisema amekuona umevuka, na kwamba leo umekwenda vizuri kuliko siku zote. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikamjibu kwamba hata mimi nakuona. Kisha nikajifungia chooni, nikakaa sakafuni na simu mkononi. Kukisia kulipofika mwisho wa mstari, maandishi yakatokea, kwa herufi nilizozichagua mwenyewe, kwamba umetua salama. Mama akanitumia ujumbe wa kumshukuru Mungu. Mimi sikujua kama bado nina mdogo wangu au sina.

Miwani alipiga simu kila alikojua, mpaka akampata mtu wa kampuni yenu aliyesema mmeikwepa dhoruba, mmetua kwenye kiwanja kidogo upande wa pili, wote wazima. Nililia hadi msafishaji akaniletea maji. Wewe jioni ulimpigia mama ukamsimulia mvua, ukidhani anajua kwamba mlitua kwingine, naye akabaki kuitikia tu.

Nikuambie sasa lililonifanya niandike. Jumapili iliyofuata nilimweleza mama yote: kwamba kindege alichokiona siku ile hakikuwa wewe, kilikuwa mchoro wangu mimi. Nilijiandaa kugombezwa. Hakunigombeza. Alifuta mikono, akaniuliza kama imewahi kuwa hivyo siku nyingine. Nikamwambia ukweli, kwamba ni kila safari ya milimani. Kisha akauliza, basi siku zote hizo alikuwa anamsindikiza nani.

Nimeondoa kule kukisia. Mkuu amenuna, anasema nawatisha wateja, lakini toleo jipya limeshatoka, na ishara ikikatika kindege hugeuka kijivu, kikasimama, na chini yake husomeka kwamba hatujui kilipo. Nilidhani hapo nimemaliza kazi. Kumbe wapi! Ukiruka tu mama ananifuata na simu chumba hadi chumba, anakinyooshea kindege kidole, ananiuliza kama huyo ni wewe au ni mimi. Jana kilikuwa cha njano, ishara hai kabisa, nikamwapia kwamba ni wewe, nakuona. Akanitazama bila hasira, akasema na siku ile nilimwambia nakuona.

Kwa hiyo nakuomba, mdogo wangu, usimtumie ujumbe wala picha. Ukishazima injini mpigie, aisikie sauti yako. Mimi haniamini tena, na bado naogopa kila unapoingia milimani.

Miwani anakusalimia. Mama angekusalimia pia, lakini amesema atakusalimia mwenyewe ukipiga.

Wako anayekupenda,
Dada yako mkubwa, mpaka rangi wa vitufe