Siku Talaso Alipotoka Maktabani

Mpendwa dada Halima,

Jumatatu nilifundisha wanafunzi wapya kutumia maktaba bila wewe, mara ya kwanza tangu tukuzike. Nilitaka kukueleza ilivyokwenda, lakini kuna jambo lazima nianze nalo.

Unamkumbuka Talaso wa Korbesa, aliyekuja chuoni kusomea afya ya mifugo. Siku ile nilikuwa nawaonyesha yeye na wenzake jinsi ya kutafuta vitabu kwa kompyuta, naongea Kiingereza haraka haraka nimalize. Yeye aliishika mausi kama kitu kitakachomuuma. Nikamwambia mbele ya wote, "Umefika chuo na hata hii hujui?" Wenzake wakacheka. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Hukunigombeza. Ulijitanda mtandio ukamfuata hadi steji, alikokuwa akingoja gari la kurudi kwao. Mlirudi pamoja, naye hakuniangalia.

Wiki iliyofuata ulibadilisha somo letu bila kuniuliza. Uliwagawia karatasi ukasema, "Andika swali moja ambalo watu wa kwenu wangetaka lijibiwe. Lugha yoyote." Kijana wa Ngaremara aliandika kwa Kiturkana, kuhusu kisima chenye maji ya chumvi. Talaso aliandika kwa Kiborana, na karatasi yake ukanipa mimi, Mmeru nisiyeelewa hata neno moja. Ilibidi nimuulize.

Akaeleza polepole: ngamia wao wanakohoa, hasa wadogo, na wanakohoa vipi, na msimu gani. Wenzake waliomcheka wakasogeza viti kumsikiliza. Mimi nikawa naandika maneno ya Kiingereza kwenye kompyuta, yeye anakataa, "Hapana mwalimu, hiyo ni ugonjwa ingine," mpaka tukapata kitabu. Alikisoma akasema kimesahau dalili moja.

Hata hivyo sikumwomba msamaha. Ulijua, na uliniachia mwenyewe.

Sasa Talaso anatibu mifugo upande wa Merti. Nilimpigia simu nikamwomba aje Jumatatu azungumze na wanafunzi, akaja. Kabla hatujaingia nikamwambia, "Siku ile nilikukosea. Nisamehe."

"Yaliisha zamani, mwalimu," akasema. "Pale steji Halima aliniambia hata wewe uliogopa kompyuta muhula mzima, akawa anakufanyia kazi ukijifunza."

Dada, hiyo ilikuwa siri yetu. Nilikasirika kidogo. Kisha nikafikiria kwamba bila hiyo siri, Talaso angepanda gari aende.

Kwa hiyo nilipoingia darasani niliwaambia wale wapya mwenyewe, kabla Talaso hajazungumza na kabla ya kuwasha chochote, jinsi nilivyoiogopa hii mashine. Walicheka. Halafu msichana aliyekaa nyuma akainua mkono, akasema, "Mwalimu, mimi hata kuiwasha sijui."

Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye.

Pumzika, dada. Muhula umeanza vizuri.

Mdogo wako wa kazini,
Kathure