Tangazo la Msiba Langoni

Munich, 9 Septemba 1964

Baba, shikamoo.

Natumaini wewe, mama na dada yangu Tsveta hamjambo. Mimi mzima, nakula, nalala, nimepewa na koti.

Najua mmeshaambiwa. Ndege ya jeshi niliishusha Ugiriki mwezi wa tano. Wagiriki wakanihoji, Wamarekani wakanihoji, kisha wakaichukua ndege wakaniacha mimi. Sasa niko Ujerumani, kwenye kiwanda cha friji, nakaza skrubu za milango. Usiniulize kwa nini. Nilikuwa karibu na mpaka, nikaona kuvuka ni rahisi kuliko kugeuza. Sijutii wala sifurahi. Niambie tu mama anasemaje.

Mwanao,
Stoimen

Dolna Bara, Bulgaria, 2 Desemba 1964

Mwanangu,

Barua yako imefika imeshafunguliwa, kwa hiyo namsalimu pia huyo anayetusomea. Mgongo wangu ni ule ule. Mbuzi wanakamuliwa vizuri.

Mahakama ya jeshi imekuhukumu kifo bila wewe kuwepo. Siku ya pili yake akaja Pencho, mwenyekiti wa kijiji. "Delcho, mkane huyo mtoto, la sivyo binti yako anafukuzwa chuo cha udaktari."

Nikamwuliza, "Nimkane vipi? Nipande juu ya paa nipige kelele?"

"Hilo utajua mwenyewe."

Nikafanya ninachokijua. Nilikwenda kwa mpiga chapa, akanitolea tangazo la msiba kama tunavyowatolea wafu wetu wote: picha yako ya kijeshi, jina, miaka ishirini na saba. Nikalibandika langoni. Watu wakapita wakavua kofia, hakuna aliyethubutu kuuliza jeneza liko wapi.

Niliyemsahau ni mama yako. Alikuwa mjini Vidin kwa dada yake, anatibiwa miguu. Kusoma hajui, lakini picha anaijua. Alishuka basi akaiona. Nilimweleza ukweli wote, akaniambia, "Mzee, wewe na uongo wapi na wapi? Hujui kudanganya." Nikamsomea barua yako. Akasema nimeiandika mwenyewe ili nimtulize. Kila Jumamosi anachemsha ngano, anaitia sukari, anawagawia watu kwa ajili ya roho yako. Wanakula, wanainamisha vichwa.

Tsveta wamemfukuza chuo hata hivyo. Yuko kiwandani anajaza nyanya kwenye makopo. Sina cha kuogopa tena, ndiyo maana naandika nitakavyo.

Baba yako,
Delcho

Munich, 11 Januari 1965

Baba, shikamoo.

Pole na mgongo. Mpe pole Tsveta, mimi sijui nimwambie nini.

Nilipofika pale pa tangazo nilicheka. Halafu nikakaa kitandani mpaka king'ora cha kiwanda kikalia, nikaenda kazini. Nakutumia picha niliyopiga wiki hii, nimesimama kwenye theluji mbele ya bweni letu. Mwonyeshe mama. Na hicho kikaratasi kibandue, tafadhali. Mengine yote nimeyakubali, baba. Ila mama asinililie na mimi nipo hai.

Mwanao,
Stoimen

Dolna Bara, 4 Aprili 1965

Mwanangu,

Sisi tupo, tunapumua. Theluji imeyeyuka, matope mpaka magotini.

Picha nimempa. Kaigeuza huku na huku. "Hii ya zamani," akasema, "mwangalie alivyokonda, hapa alikuwa bado mwanafunzi." Tangazo nililibandua, akanifokea kwamba namnyima mtoto haki yake, akatembea mwenyewe na miguu ile mpaka kwa mpiga chapa, akarudi na jingine, la kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu ufe.

Imebaki sauti. Piga simu posta ya hapa Jumapili ya pili ya Mei, saa nne asubuhi. Nitamleta, hata kwa mkokoteni.

Baba yako,
Delcho

Munich, 10 Mei 1965

Baba, shikamoo.

Asante kwa kumfikisha. Ulikuwa nje ya kibanda cha simu, hukusikia, na yeye najua hatakwambia.

Nilisema, "Mama, ni mimi, Stoimen."

Hakushtuka hata kidogo. "Nakusikia, mwanangu. Wanakulisha huko?"

"Wananilisha."

"Kuna baridi?"

"Kiasi. Mama, nisikilize. Mimi mzima. Niko Ujerumani, nafanya kazi."

"Haya, baba, haya," akasema, vile alivyokuwa akininyamazisha nikiwa na homa. Kisha akauliza, "Umemwona mama yangu?" Bibi, tuliyemzika nikiwa mdogo.

Yule wa mitambo ya simu akaingilia, akasema imebaki dakika moja. Nilikuwa na la kusema, baba. Nililiandika kabisa kwenye kiganja. Lakini alikuwa anangoja, namsikia anavyopumua, na sauti yake haikuwa na kilio. Alikuwa na hamu tu ya kujua.

Nikamwambia, "Nimemwona, mama. Anakusalimu."

Akashusha pumzi. "Basi una mtu wa kukaa naye," akasema, na simu akaikata mwenyewe.

Usimbishie tena.

Mwanao,
Stoimen