Mama, Mwache Kariuki Afinyange Ng'ombe Wake

Mpendwa Mama,

Ujumbe wako wa sauti tuliusikiliza mezani, mimi, Baba na Kariuki. Ulisema sasa Kariuki yuko Gredi ya Nne, miradi ya sanaa imeanza, na kwa kuwa wewe uko Uarabuni ukisafisha nyumba za watu, mimi ndiye nimfanyie. "Usiache atuaibishe huko shule," ulisema. Nimeshindwa kukujibu kwa sauti. Unajua mimi huongea vizuri nikiandika tu.

Unakumbuka nilipokuwa Gredi ya Nne mimi? Mwalimu alituambia tufinyange mnyama wa nyumbani. Nilichota udongo mtoni, nikashinda Jumamosi nzima nikifinyanga ng'ombe, nikamweka juani akauke. Uliporudi kutoka sokoni ulimwinua kwa mkia.

"Hii ni ng'ombe ama ni kiazi?"

Baba alicheka. Nami nikacheka, nikidhani ni mzaha. Kisha ukamminya mpaka akawa donge, ukamtia maji, ukaanza upya. Ng'ombe wako alikuwa na pembe, kiwele, hata ndama ubavuni. Mwalimu aliniandikia "Amezidi matarajio," nawe ukaibandika karatasi hiyo ukutani, karibu na kalenda ya kanisa.

Tangu siku hiyo sikugusa kitu. Picha ya mbegu za mahindi na maharagwe, wewe. Kikaragosi cha soksi, wewe. Mimi nilikaa kwenye stuli nikikupa gundi, na kusema kweli nilizipenda hizo alasiri. Uliimba polepole nyimbo za kwenu Kamukuywa, magoti yetu yakigusana, na hakuna mtu mwingine aliyekuita. Ndiyo maana sikusema lolote. Tena hatukuwa peke yetu. Kila Jumatatu hapa Kitale watoto walishuka kwenye bodaboda wamebeba kazi ambazo hawangeweza kueleza zilivyotengenezwa, na walimu walizipokea kama watu wasiojua.

Halafu ikaja siku ya wazazi, nikiwa Gredi ya Tano. Ulikuwa umenisukia kikapu cha nyuzi za migomba, kama vile nyanya alivyokuwa akisuka kule Bungoma na kuuza soko la Chwele. Mwalimu alikipenda mno. Akaniita mbele, akanipa nyuzi, akasema niwaonyeshe wageni nilivyokisuka.

Ulikuwa safu ya kwanza, umevaa gauni la zambarau. Nilikutazama wewe tu. Sikujua hata kikapu huanzia wapi. Nikafunga fundo, likafunguka. Nikafunga lingine.

"Si muite mama yake, bana!" kijana mmoja akapiga kelele huko nyuma. "Yeye ndiye fundi!"

Watu wakaanza kukugeukia. Mama, ungenyamaza tu. Au ungesema ukweli, na wazazi wote pale wangecheka kwa aibu yao wenyewe, kisha mambo yaishe. Lakini ulisimama, ukacheka kuliko wote, ukasema, "Ai, huyu alichukua mikono ya baba yake! Hata kamba ya mbuzi hawezi kufunga!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wewe ukaketi, umepona. Mimi nikaitwa Kamba ya Mbuzi mpaka nikamaliza shule ya msingi. Sasa niko Gredi ya Kumi kule shule ya bweni Kachibora, na msichana mmoja tuliyesoma naye alikuja na jina hilo, akaligawia bweni zima kama peremende.

Jioni ile ulinipikia chapati. Hukuniuliza kama niliumia. Sikutaka kukuchukia wewe, kwa hivyo niliichukia mikono yangu. Nikiulizwa kule shuleni, husema sanaa ni ya watu wasiopenda kusoma. Halafu wenzangu wakienda michezoni, mimi husimama kwenye dirisha la chumba cha sanaa.

Basi likizo hii ya katikati ya muhula, shule yetu ikitangulia kufunga, nimekuja nyumbani, na Kariuki ameambiwa afinyange mnyama. Nilimletea beseni la udongo, nikakaa kando.

"Nisaidie miguu tu."

"Hapana."

"Lakini Mama amesema unifanyie!"

"Nimesikia alivyosema."

Ng'ombe wake alikataa kusimama, akamwegemeza kwa jiwe. Shuleni wenzake walimuuliza kama huyo ng'ombe aligongwa na trela. Mwalimu aliandika "Chini ya matarajio," akamficha nyuma ya ng'ombe wengine, wale waliofinyangwa na akina mama. Kariuki alirudi, akatupa begi chini.

"Wewe ni mbaya," aliniambia. "Mama angenifanyia. Wewe unanionea wivu, ati kwa sababu yeye ananipenda."

Baba naye akasema, "Mtoto ni wa Gredi ya Nne. Kwani ungepungukiwa na nini?"

Huenda Kariuki anasema kweli. Huenda mtu anaweza kufanya jambo lililo sawa kwa roho mbaya. Alipolia nilihisi kitu kama furaha, Mama, na nakiandika hapa kwa sababu sijui pengine pa kukipeleka. Lakini hata nikijua hivyo, singemfanyia.

Jana aliambiwa atengeneze kinyago cha katoni. Hakuniomba kitu. Leo alichukua makasi, akakoroga uji wa unga wa ngano uwe gundi, akajifungia chumbani. Nilibisha.

"Nani amekuita?"

Nilibaki nje. Makasi yalikata, yakanyamaza, yakakata tena. Kitu kikararuka, akajitukana, akaanza upya.

Mama, nimekukosa sana. Ukirudi nitakuja kukupokea, na nitakukumbatia mbele ya watu ingawa unajua ninavyoona haya. Lakini usitume tena ujumbe wa jinsi ya kumsaidia. Usimuulize kinyago kimefika wapi. Bado amejifungia, na mimi nimeketi hapa mlangoni ili mtu yeyote asiingie.

Baki salama huko uliko.

Binti yako wa kwanza