Siku Makochi Yalipotolewa Nje

Matarawe, Songea
7 Julai 2002

Wifi yangu mpendwa Theodosia,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti lako limepata nafuu, sasa unapiga magoti kanisani bila kushika benchi la mbele. Sisi huku hatujambo. Baridi ya mwaka huu ni kali, asubuhi ukifungua mdomo unatoka moshi kama mvuta kiko, lakini Mungu anatutunza. Mahindi tumeshaanika.

Najua hatujaandikiana muda mrefu. Tuliachana vile tulivyoachana siku ya misa ya marehemu, na leo sitaki kuanza na hayo. Naanza na habari, maana ninazo, na mwisho wake kuna jambo linalosubiri neno lako, wewe na si mtu mwingine. Kwa hiyo tafadhali kaa chini, usome taratibu.

Ekaristia wako, yule uliyempakata siku ya ubatizo kwa sababu mimi nilikuwa na homa, sasa ni msichana aliyenipita urefu, na anaimba redioni. Labda huko Tabora mmeshamsikia bila kumjua. Krismasi iliyopita alikwenda Dar kwa mdogo wangu, huko wakampeleka studio, akarekodi wimbo unaoitwa "Kaka wa Lizaboni". Ni wimbo wa mchezo tu, kuhusu kijana anayejisifu kwa wasichana kwamba ana baiskeli mpya, na baiskeli yenyewe haijawahi kuonekana. Basi wifi, vijana wa mtaa wa Lizaboni walikoma! Wakikatiza sokoni, wauza nyanya wanawaimbia, "Kaka, umeiegesha wapi?" Hata paroko alinisimamisha baada ya misa, nikajua leo nakanywa, kumbe alitaka kuniuliza kwa sauti ya chini kama huyo kaka yupo kweli.

Nilicheka, na nilimkumbuka marehemu Leodegari, mdogo wako. Unaikumbuka redio yake, ile ya mbao yenye kitambaa mbele? Jumapili akiiweka dirishani ili mtaa mzima usikie salamu, na watoto wa jirani wakikaa kwenye vumbi wakisubiri kusikia jina la mtu wanayemjua. Siku hizo redio ilikuwa moja nchi nzima. Wimbo ukiupenda unausubiri kama mgeni. Siku hizi redio ni nyingi kama vibanda vya mitumba, na wimbo ukipendwa unapigwa asubuhi, mchana na jioni mpaka unachakaa kama kandambili. Ndivyo ilivyokuwa kwa "Kaka wa Lizaboni". Kufikia Pasaka watoto walishaanza kuubadilisha maneno, na watu wakaanza kusema, "Ah, yule binti wa Benigna alibahatisha."

Watu wa muziki wana msemo wao huo, kwamba wimbo wa kwanza unaweza kuwa bahati, wa pili ndio unaosema kama wewe ni mwimbaji. Prodyuza akamwambia aandike mwingine wa aina ileile, tena jina alishampa, "Dada wa Mfaranyaki". Mwanao akakataa. Ana kichwa kigumu, na sote tunajua amekitoa upande gani. Akajifungia chumbani, akatoka na wimbo unaoitwa "Baba Yuko Njiani".

Wifi, unaanza na mluzi. Ule mluzi wa Leodegari, wa kupanda mara mbili na kushuka mara moja, mliokuwa mkiitiana mkichunga mbuzi kule Madaba. Mimi niliukuta kwake nilipoolewa. Akiwa anarudi, akifika kwenye ile minazi ya uongo tuliyokuwa tukiita minazi, ile mipapai mirefu ya kwa Mzee Bakili seremala, anapiga mluzi, na mimi napakua. Sikuwahi kupakua mapema ugali ukapoa. Mtoto hajawahi kuniambia kwamba anaukumbuka. Nilipousikia kwenye kanda nilikuwa napepeta mchele, nikauacha ungo nikaenda kusimama mlangoni, nikaona aibu, nikarudi.

Sasa siku hizi wimbo bila video hauendi mbali. Televisheni ndiyo inayoubeba. Kwa hiyo likizo ya Juni prodyuza akamtuma kijana wa kamera anayeitwa Rupert, kofia ameigeuza kisogoni, mimi ananiita "Maza". Ni kijana mwenye heshima lakini hajui chochote cha huku. Akaeleza kwamba kwenye video mtoto anarudi kutoka shule anakuta nyumbani kuna msiba. Mimi nikae kwenye mkeka kama mama mfiwa, na wasichana wa kwaya wenzake Ekaristia wakae pembeni walie. Nikasema mimi sijui kuigiza. Akasema, "Maza, wewe kaa tu, usifanye kitu." Nikaona kukaa tu naweza, na mtoto alikuwa ananiangalia. Nikakubali.

Asubuhi ile Rupert akatazama sebule yangu, akasema ni ndogo, kamera haitoshei. Akaomba tuitoe samani yote. Basi wasichana wakabeba makochi, meza na kabati la vyombo, wakavipanga nje karibu na barabara. Wakatandika mikeka. Wakafunga khanga viunoni, wakajitanda nyingine vichwani. Halafu wakaanza kujaribu kulia.

Wifi, wewe ni mtu wa huku. Mtu akipita Matarawe asubuhi akaona makochi ya mtu yapo nje na ndani wanawake wanalia, anahitaji kuambiwa nini tena? Na wala hakuna anayeuliza. Kwetu huulizi mlangoni nani amekufa. Unaingia unalia, unakaa, ndipo baadaye unamnong'oneza jirani yako. Mimi mwenyewe, nakuapia, sikulifikiria hilo. Nilikuwa nafikiria kama kitambaa changu cha kichwa kimekaa sawa.

Wa kwanza kuingia alikuwa Lidwina, mwenyekiti wa jumuiya yetu. Aliingia mikono kichwani, analia kilio cha kweli, akaja moja kwa moja akanikumbatia. Nyuma yake wanawake wa jumuiya, mmoja na unga, mmoja na maharage, mwingine amejitwika kuni. Wakakaa kama watu wanaojua kazi yao. Rupert hakushangaa hata kidogo! Alifikiri Ekaristia amewaalika. Nilimsikia akisema, "Hawa wako vizuri sana, hawa." Nje wanaume wakawasha moto, wakakaa kwenye makochi yangu. Mara tukasikia kengele ya kanisa la kigango, ile ya msiba, taratibu taratibu. Lidwina alikuwa ameshamtuma mtu kwa katekista kabla hata hajafika kwangu.

Na mimi hapo katikati nikalia. Hilo watu wote waliliona, na lipo kwenye kanda. Nitalirudia.

Aliyetuokoa ni Mzee Bakili. Alikuja na kanzu yake na penseli sikioni, akasimama mlangoni, akasema "Innalillahi", akatoa pole, kisha akaomba kwa heshima aonyeshwe marehemu alipolazwa ili achukue vipimo, kwa sababu mbao anazo na asingependa tupate tabu. Wasichana wa kwaya wakatazamana. Mmoja, Anjelika wa kwa fundi saa, akashindwa kujizuia, akacheka. Mwingine akacheka. Ndipo Ekaristia akasimama na sare yake ya shule, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamooni. Hakuna aliyekufa. Tunapiga video."

Acha nisikuandikie yaliyosemwa. Walioudhika waliudhika, na walikuwa na haki. Mama mmoja akasema ameacha mandazi kwenye mafuta. Mwingine akasema kifo hakichezewi, ukikiigiza kinakuja kukuonyesha namna. Mzee Bakili peke yake alikaa chini, akatoa penseli sikioni, akasema, "Alhamdulillah, kazi niliyofurahi kuikosa." Hapo wengi wakacheka. Lidwina akasimama akasema unga uliokwisha kuingia kwenye nyumba ya msiba haurudishwi, na kwa kuwa tumeshakusanyika, tutasali rozari na tutakula. Na tulifanya hivyo. Tulisali kwa ajili ya marehemu wote wa mtaa. Rupert alivua kofia, akala ugali maharage sahani mbili.

Lakini kengele ilikuwa imeshasikika, na dereva wa lori la mahindi akaifikisha habari Madaba. Kesho yake akashuka baba yenu mdogo, Mzee Aidan, na blanketi begani na shoka la kupasulia kuni, tayari kwa matanga yangu. Ndiyo wifi, yangu mimi. Aliambiwa aliyekufa ni mimi. Aliponiona naosha vyombo alikaa kwenye kizingiti, akaushika mkono wangu kuhakikisha kama una joto. Alipopata maneno, yalikuwa makali. Akasema tumeuita msiba kwenye ukoo. Akasema nyumba ya Leodegari haiwezi kuwa mahali pa kuchezea kilio, hasa kwa vile Leodegari mwenyewe hakulipwa kilio chake sawasawa. Alisema hivyo akiniangalia. Akaamuru ile kanda isionyeshwe popote. Ekaristia akapiga magoti, akalia, akamwambia, "Babu, huu ni wimbo wa baba." Mzee akamshika mkono, akamwinua. Mwisho akasema yeye hawezi kuruhusu, lakini Theodosia ndiye mkubwa wa Leodegari, na akisema ionyeshwe, yeye hatatia neno.

Kwa hiyo limefika kwako. Rupert amerudi Dar na kanda, prodyuza anasubiri. Wameshamwambia mtoto kwamba bila lile tukio la msiba video haina kitu, na bila video wimbo wa pili utakufa, na mwimbaji ambaye wimbo wake wa pili umekufa hawamwiti tena. Hali chakula vizuri. Jioni namwona amekaa kwenye ngazi anapasua pasua majani.

Ningeweza kuishia hapa nikuombe tu kwa ajili yake. Lakini kuna jambo la kwangu, nami sitaki uamue bila kulijua.

Rupert alituonyesha kile kipande kwenye kibanda cha video jioni ileile, kabla Mzee Aidan hajashuka. Mji mzima sasa unanipongeza. Nikienda kusaga, wananiambia, "Mama Ekaristia, kumbe na wewe msanii, umeigiza mpaka tumelia." Nacheka, nawaambia asanteni.

Wifi, sikuigiza.

Lidwina alipokaa pale mkekani na kunikumbatia, aliniuliza sikioni, "Ni nani, mama? Tumempoteza nani?" Nikafungua mdomo nimwambie ni video, hakuna mtu. Nilikuwa na maneno hayo tayari. Yaliyotoka ni, "Ni Leodegari." Na yalipotoka, nikayasikia kwa masikio yangu kama vile ndiyo kwanza mtu ananipa habari. Ndipo nikalia. Lidwina anajua mdogo wako alifariki lini. Angeweza kuniambia, jamani, huyo si alishafariki mwaka ule wa mvua za Elnino? Hakusema. Aliikaza khanga yangu kiunoni, akasema, "Haya mama, tumlilie." Tukamlilia.

Unajua tulivyoipata ile taarifa. Barabara zimekatika, yeye ameshazikwa na wenzake tusiowajua huko machimboni alikokwenda kutafuta riziki, karatasi imefika imelowa. Hakukuwa na mwili, hakukuwa na matanga, wala kochi halikutolewa nje. Tulipata misa tu. Na siku ya misa uliniambia mbele ya watu kwamba macho yangu makavu yanakutia aibu, kwamba labda mdogo wako alioa jiwe. Wifi, pale kanisani nilikuwa nasikiliza. Kila mlango ulipolia nilikuwa nasikiliza mluzi. Utamlilia vipi mtu ambaye masikio yako bado yanamsubiri? Nimepakua kwa kusikiliza miaka yote hii. Na kumbe mtoto naye alikuwa chumba cha pili anasikiliza, mpaka akautia kwenye wimbo.

Sikukasirikii. Ulikuwa umefiwa na mdogo wako, na ulitaka kumwona mtu anayelia pamoja nawe, ukamkosa. Nimekuwa nikiliwaza hilo tangu siku ile ya makochi, maana mimi nilimpata Lidwina, na wewe siku ile hukumpata mtu.

Basi amua kwa moyo wako. Ukisema isionyeshwe, nitamwandikia Rupert, na Ekaristia nitambembeleza mwenyewe, ni mwanangu. Ukisema ionyeshwe, mwandikie Mzee Aidan mistari miwili. Watu wengine wataona mama wa kwenye video. Wewe utakuwa unamwona mke wa mdogo wako siku aliyofiwa.

Lidwina anakusalimu, Mzee Bakili pia, na mwanao Ekaristia anakupa shikamoo nyingi. Hajui kwamba nimekuandikia haya ya mwisho. Msalimie shemeji na wote wa nyumbani. Nakuombea kila siku kwenye rozari, wewe na goti lako.

Naomba unijibu mapema.

Ni mimi wifi yako,
Benigna, mama Ekaristia