Fungu Lako la Samaki

Machame, Jumapili

Kaka Herbert,

Shikamoo. Ng'ombe amezaa dume, na migomba ya chini imeangushwa na upepo.

Ule mgahawa wa samaki wenye matawi Dar na Arusha sasa upo Moshi mjini. Wahudumu wanavaa kofia zenye mkia wa samaki! Nimekwenda na nani, unadhani? Baba. Tena ameomba mwenyewe.

Unakumbuka Mama alivyotukaangia sato kwa siri nyuma ya zizi, kisha tukatafuna majani ya mpera ili Baba asisikie harufu? Pale mlangoni harufu ilikuwa ileile. Nusura nilie.

Akaletwa sato mzima. Baba akaomba kisu, akamgawa kama mbuzi wa Krismasi: kichwa akajiwekea, mkia akanipa, minofu yote ya katikati akaisogeza pembeni.

"Hiyo ya nani, Baba?"

"Ya Herbert na mkewe. Si ndio wala samaki?"

Siku aliyokufukuza kwa kuoa binti wa Kigoma, watu aliowaita "wala nyoka wa majini," hakuitaja. Alilipakata fungu lako hadi nyumbani, na kila asubuhi anafungua friji kuhakikisha hatujalila.

Samaki hakai, kaka. Nimeshashuka mjini mara tatu kununua mwingine, namweka palepale kwa siri, kama Mama. Daktari hadhani Baba ataifikia Krismasi.

Njooni mle.

Mdogo wako,
Aikaeli