Waya wa Ethi kwa Bi Zuwena

Jumanne, baada ya magharibi

...na nilijua. Hilo ndilo linaloniuma.

Swichi zile nilizomfungia, za kuwasha taa kwa simu, zinataka waya wa nyutro, wa kurudisha umeme, na nyumba ya zamani ya Bi Zuwena haina nyutro kwenye swichi. Kuchimba ukuta akakataa: "Mwanangu, usinibomolee nyumba ya baba." Basi nikaunga kwenye ethi, waya wa kupeleka hitilafu ardhini, jambo ambalo fundi hatakiwi kufanya kamwe. Taa zikawaka. Akaniletea halua, nikaondoka kifua mbele.

Leo mchana kanipigia: "Friji linanipiga shoti kidogo kidogo."

Kiangazi hiki ardhi imekauka. Umeme haushuki, unarudi kwa waya uleule wa ethi hadi kwenye vyuma vya friji. Nami nikamjibu amwagie maji penye nondo ya ethi iliyochimbiwa nje, nitakuja kesho. Kesho! Mtu anayetawadha mara tano kwa siku, anashika friji mikono haijakauka.

Nimempigia mara nne nimwambie azime meni swichi, ya kukata umeme wa nyumba nzima. Hapokei. Bodaboda nimeita, naandika nikiisubiri.

Simu yangu bado imeunganishwa na swichi za nyumba yake. Inaonyesha taa ya jikoni, penye friji, imewaka sasa hivi.

Taa naweza kuizima kwa kidole nikiwa hapa mtaani Cheyo. Ule waya siwezi kuung'oa.