Nyama Aliyotegewa Simba

JESHI LA POLISI TANZANIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Bariadi. Tarehe: 13/2/1997. Kuanza: saa 9:10 alasiri.
Jina: Nyanjige d/o Mihayo. Umri: takriban miaka 70, mwaka wa kuzaliwa haujui. Kabila: Msukuma. Kazi: mkulima na mfugaji. Elimu: hakusoma. Makazi: kijiji cha Mwabulugu.

Mimi ndiye mwenye jina hilo. Nimeonywa niseme kweli. Sikuleta miguu hii mibovu hadi hapa ili niseme uongo. Naomba afande aandike haraka, maana kuna mtu huko nje ana nyama.

Mnamo Jumanne tarehe 11/2/1997, jua likizama, simba aliua ng'ombe wangu wa maziwa karibu na lambo la kijiji. Mara ya mwisho kumsikia simba Mwabulugu nilikuwa binti. Watu walifyeka pori, akahama. Tangu waje hawa wanunuzi binafsi wa pamba tumelima hadi kwenye vigingi vya pori la akiba, na mwaka huu mvua imekataa. Amerudi. Wiki ya tatu sasa mbwa wetu hawabweki. Jioni wanaingia chini ya vitanda.

Jumatano mchana mwanangu Bundala alileta dawa ya pamba kwenye chupa ya soda. Zamani debe la ushirika lilikuwa na picha ya fuvu, hata mimi nisiyesoma nilijua hapo pana kifo. Hii ya madukani haina picha. Aliuchanja mzoga kwa kisu, akaimimina ndani ya nyama. Kwetu anayeua simba huchezewa ngoma na kutunzwa, na Bundala alishaanza kutembea kifua mbele. Nilimwambia, "Hujaua hata panya, punguza mikogo."

Marehemu baba yangu alikuwa mwindaji. Alitufundisha kwamba mtego wa simba hausemwi mpaka simba alale chini, kwa sababu ukitajwa anausikia. Kwa hiyo niliwaambia Bundala na mkewe Kwandu wasimwambie mtu. Kwandu akauliza, "Hata Masele, mayu?" Mayu kwetu ni mama. Nikasema hata Masele. Bundala mmemfungia humo ndani, lakini maneno hayo ni ya kwangu. Andika hivyo hivyo, mwanangu.

Masele ni jirani, tumetengwa na ua wa minyaa tu. Ana watoto watano na hana hata mbuzi. Tangu Januari walikuwa wakinywa mlenda bila ugali.

Leo Alhamisi asubuhi nilikwenda lamboni na Bundala. Saa siijui. Afande aliniuliza jua lilikuwa wapi, nikamwonyesha kwa mkono, ameandika saa 12:40. Nyayo za simba zilizunguka mzoga. Alilala kando yake mpaka majani yakabonyea, kisha akaondoka. Hakugusa. Inzi walikuwa wamekufa juu ya nyama. Mguu mmoja wa nyuma haukuwepo. Ulikatwa kwa panga. Hapo chini palikuwa na alama za katambuga, viatu vya tairi, kisigino cha kushoto kimelika. Ni za Masele.

Nilipiga yowe nikakimbia, mimi huyu mzee. Niliona moshi jikoni kwake. Sikupiga hodi, niliingia nikapiga chungu teke. Mkewe Felisita akanifokea, "Mayu, una wazimu? Watoto hawajala tangu juzi!" Nikasema nyama ina sumu. Maji hayakuwa yamechemka. Watoto niliwakagua midomo mmoja mmoja kwa kidole changu, hakuna aliyekuwa ameonja.

Masele alikuwa amekaa nyuma ya nyumba. Alikuwa amechoma kipande akala kabla ya kupika. Udenda ulimtoka, mboni zake zimekuwa ndogo kama punje za uwele. Alisema, "Mayu, mbona hukuniambia?" Nilimshika kichwa.

Nyama ya chunguni haikufika nusu ya mguu. Nilimuuliza nyingine iko wapi. Akasema paja amempa mtu wa baiskeli anayekwenda mnadani, abadilishe kwa mahindi. Nikamuuliza, "Mtu gani?" Akafungua mdomo, likatoka povu. Alikufa tukimpakia kwenye mkokoteni.

Mimi na Bundala tulipanda gari la mizigo hadi mnadani Bariadi. Niliwaambia wachoma nyama waache kuuza. Walicheka. Mmoja akasema, "Bibi, nunua au pisha wateja." Nikampindulia jiko. Ndipo tukaletwa hapa, Bundala akafungiwa kwa ajili ya ile dawa.

Simba bado yuko hai na bado ana njaa, huyo mtamtafuta kesho. Niliziba watu midomo ili asisikie. Sasa nataka kipaza sauti, nitangaze mwenyewe kwa Kisukuma na kwa Kiswahili.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo. Nimesomewa, ni sahihi.

Dole gumba la kulia: Nyanjige Mihayo

Yamechukuliwa na mimi, Koplo Marcelo, na kumalizika saa 10:05 jioni. Shahidi alikataa kukaa kwenye kiti muda wote.

Nyongeza, saa 11:15 jioni: Nilifika mnadani na shahidi na kipaza sauti. Wachoma nyama walikwisha kufunga. Paja halikupatikana. Nyuma ya majiko palikuwa na mbwa wawili waliokufa, kando yao mifupa iliyotafunwa. Shahidi anaendelea kutangaza.